Na Binti

Nilipofungua mdomo tu, kodi ikapanda.
Nilisema, "Niko natafuta nyumba,"
na Lomnyaki dalali akazima pikipiki,
akatazama viatu vyangu, akatazama begi:
"Dada, wewe si wa hapa."
Neno moja, *niko*, lilinianika njiani.

Kiswahili nilikileta kutoka Bukavu
kimekunjwa pamoja na vitenge,
nikidhani ni pesa inayopita popote.
Kumbe nacho hubadilishwa mpakani,
na wabadilishaji hukata chao.

Sakina: chumba na sebule, dirisha
linatazama ukuta wa jirani,
ukuta umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI ELFU HAMSINI.
"Upepo unaingia vizuri," akasema Lomnyaki, bila kucheka.

Kijenge: bei kwa dola.
Nikauliza kama mlima nao umo ndani ya kodi.
Asubuhi ile Meru haukuonekana;
wingu lilikuwa limeupanga wote.

Mianzini: mwenye nyumba alinipenda
mpaka nilipotoa pasipoti.
Aliishika kwa vidole viwili, kama dagaa aliyeoza,
akamgeukia dalali: "Huyu akihama usiku
nitamdai nani?"
Sikujibu. Nimehama usiku mara moja tu maishani,
na sikuwa nadaiwa na mtu.

Siku ya nne, Moshono, kwa Mama Kaanaeli.
Migomba, tangi la bluu,
mbwa aitwaye Askari anayeogopa kuku.
Alitaja masharti huku anachambua mchicha:
miezi sita mkononi;
luku moja, wapangaji watatu, kwa zamu;
maji ya bomba Jumanne na Ijumaa, yakipenda;
geti saa nne;
na barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, si ya maneno.

"Kwetu huitwa garanti," nikasema, "na ni ya miezi mitatu."
"Kwenu ni kwenu," akasema, si kwa ubaya,
akanisogezea bakuli la mtori.
Nilikula. Nikahesabu noti. Nikahesabu tena,
kana kwamba zingeona haya na kuzaana.
Lomnyaki akachukua ya mwezi mmoja,
akalamba kidole, akapotea na vumbi lake.

Mkataba ulinunuliwa dukani, shilingi mia tano,
na mwandishi alikuwa mjukuu, darasa la sita,
kwa sababu bibi huamini mwandiko wake kuliko wa wakili.
"Jina?"
"Nabintu."
Akaandika alivyosikia:
*Mpangaji: Na Binti.*

Mama Kaanaeli akavaa miwani, akasoma, akaivua.
"Ulisema uko peke yako. Binti yupi huyu?"

Kalamu nilikuwa nayo mimi.
Kusahihisha kungekuwa kazi ndogo:
herufi moja, na kuziba ule mwanya
kati ya *na* na *binti*.
Lakini ndani ya mwanya alikuwa amesimama Ansima,
miaka saba, soksi moja juu moja chini,
kwenye lupango la bibi yake ng'ambo ya ziwa,
akiuliza kila Jumapili, simu ikikwaruza:
"Mama, nyumba umeipata?"

"Anakuja," nikasema. "Niko namungoja."
Sikuirekebisha lugha. Ikae hivyo hivyo.

Mama akanyamaza, akapiga hesabu ya kitu kichwani,
vitanda pengine, au ndoo.
Kisha akarudi kwenye mchicha wake.
"Mtoto wa shule ya msingi," akasema, "halipiwi maji."

Usiku ule chumba kilikuwa na godoro, mimi, na funguo mbili.
Mmoja nikauweka chini ya mto.
Wa pili niliutundika kwenye msumari karibu na mlango,
chini kidogo, pale ambapo mkono mfupi ungefika.

Saa tatu taa zikazimika nyumba nzima.
Mlango ukagongwa, sauti ya jirani nisiyemjua,
aliyekwishaambiwa jina langu na yule mjukuu:
"Na Binti! Luku ni zamu yenu!"

*Yenu*, alisema.
Nikaitika.